Kutafuta Nyumba Chini ya Michenzani

Ukisimama kwenye mzunguko wa Michenzani, Unguja, penye mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, unaona barabara pana zinazokatana na majumba marefu ya ghorofa yaliyojipanga kandokando, jingine likikaribia mita 300 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hapakuwa na barabara hizi. Palikuwa na vichochoro, nyumba za udongo, mapaa ya makuti na ya madebe yaliyopasuliwa, visima, misikiti midogo, miembe. Mpango wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ulipitisha barabara zilizonyooka juu ya mitaa hiyo. Serikali ya Mzee Karume ikavunja, ikajenga, na waliovunjiwa wakapewa makaazi ghorofani. Wako waliopanda ngazi kwa furaha, wako waliopanda kwa huzuni, na katika nyumba nyingi walikuwemo wote wawili.

Sasa aje mtu kutoka Maskati, au Dar es Salaam, au London, aseme: bibi yangu alikaa hapa. Hapa wapi?

Wapo watu wachache mjini ambao kulijibu swali hilo ndiyo fani yao. Hawana ofisi wala kibao mlangoni. Mmoja ninayemfahamu ni mwalimu mstaafu, mtaani anaitwa Maalim basi, na kila ninapomtazama akifanya kazi naona kwamba wengi wetu tunaojiita watafiti tunahitaji kukaa chini ya miguu yake.

Jambo la kwanza ni kwamba haendi mahali penyewe. Wageni hilo huwakera, maana wao wamekuja na kamera na siku chache. Yeye anataka kahawa, barza, na mtu mzima kuliko wote katika ukoo. Halafu haulizi habari za nyumba. Anauliza maji.

"Bi mkubwa akiteka maji wapi?"

Mtu aliyesahau mlango wa nyumba yao ulielekea wapi anakumbuka vizuri sana kisima, kwa sababu alipelekwa huko kila siku akiwa mtoto na ndoo kichwani, akajua njia ipi ina mbwa na njia ipi ina mzee mkali. Kisima kinatoa njia, njia inatoa majirani. Baada ya maji anauliza msiba: jeneza lilitokea upande gani, likasaliwa msikiti upi? Wanaume huwaulizia barza na uwanja wa mpira. Wanawake huwauliza ni nani alikuja kuwasaidia kupika siku ya shughuli, na waliazima masufuria nyumba ya nani. Nimeshuhudia swali la masufuria likitoa majina ya nyumba nzima za kichochoro, mstari mzima, huku mjukuu aliyeleta shida akiandika mbio hadi kalamu ikamwishia wino.

Hapo ndipo ulipo ufundi wake, kwa maoni yangu. Nyumba haitafutwi. Kinachotafutwa ni waliokuwa wakiizunguka, na nyumba inajitokeza yenyewe katikati yao.

Majina ya mitaa ni mtego, na Maalim anayashika kwa tahadhari. Siku moja kijana alimwambia, "Maalim, marehemu bibi akisema walikaa Mwembeladu." Akajibu, "Mwanangu, Mwembeladu ya nani?" Kijana akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Leo Mwembeladu ni shehia, ina sheha na mipaka ya kiserikali. Kwa bibi yule lilikuwa jina la mahali padogo, pengine kivuli cha mti na nyumba zilizokizunguka. Shehia za leo zimeyabeba majina ya zamani, Kikwajuni, Kisima Majongoo, Mwembetanga, Vikokotoni, zikayatandaza juu ya vijitaa ambavyo wenyewe walivijua kwa majina mengine kabisa. Akija mtu na jina la mtaa peke yake, Maalim hulihesabu kama robo ya habari.

Zipo karatasi pia, nazo hazijibu mpaka uzijue zilivyotengenezwa. Watu wengi wa Ng'ambo, yaani mitaa hii iliyo nje ya Mji Mkongwe, walimiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyokuwa chini yake. Kiwanja kilikuwa cha tajiri, Mwarabu au Mhindi, au kilikuwa wakfu, na mwenye nyumba alilipa kodi ya ardhi. Kodi hiyo ilipopandishwa mno, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa mwaka 1928, mgomo uliotikisa mji. Kwa mtafutaji maana yake ni hii: ukiingia kwenye hati za viwanja ukitafuta jina la bibi yako hutalipata, na utatoka ukiamini hakuwahi kukaa pale. Lazima kwanza ujue alimlipa nani. Ndiyo maana baada ya maji na msiba, swali la tatu la Maalim huwa, "Nani alikuwa akipita kudai?" Jina la mwenye ardhi likipatikana, milango inaanza kufunguka: Nyaraka kule Kilimani, kumbukumbu za wakfu, majalada ya kesi za kodi ambamo mpangaji aliyegoma ameandikwa kwa jina lake na la baba yake. Kwa hiyo babu waliowahi kushtakiwa wanapatikana kwa urahisi zaidi kuliko babu waliolipa kimya kimya. Baada ya Mapinduzi ardhi ikawa mali ya Serikali, na mlolongo huo ukakatika. Kutoka hapo anarudi tena kwa wazee.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo haifundishiki kwa mtu asiye na adabu ya moyoni. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata watu wengi walioachwa huru walitoka mashambani wakaja kujenga Ng'ambo. Katika hesabu za watu za zama za ukoloni utaona jinsi wakaazi walivyokuwa wakijitaja upya: aliyeandikwa Mnyasa au Myao, mwanawe akajiandikisha Mswahili, na kufikia miaka ya 1930 wengi wameliacha hata jina hilo wakajiita Washirazi au Wahadimu. Basi Maalim anaweza kufungua jalada akakuta babu wa familia fulani ana jina la peke yake, Mabruki au Feruzi, bila "bin" ya mtu yeyote nyuma yake. Yeye anaelewa mara moja anachokisoma. Familia iliyokaa mbele yake inaamini imetoka Shiraz moja kwa moja.

Anafanyaje? Hasomi kwa sauti, wala hafichi. Huwauliza kama wanataka mahali tu au wanataka habari zote, kisha huwaacha. Wengine hurudi baada ya muda mrefu. Wako wasiorudi, na jalada linabaki likiwangojea. Nimewahi kumwambia kwamba kunyamaza nako ni namna ya kuficha. Akanitazama kidogo, akaniambia, "Baba, mimi natafuta nyumba. Watu wakishaingia ndani, taa wataiwasha wenyewe." Sikukubaliana naye kikamilifu, na bado sikubaliani. Lakini naona kwamba familia nyingi zimemfungulia mlango yeye, wala si mimi.

Ramani huja mwisho, jambo linalowashangaza vijana waliozoea kuanza na simu. Ramani ya mji ya mwaka 1892, iliyopimwa na Imam Sharif kutoka Uhindi, bado inaonyesha pwani ya ndani iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, maji yakipanda na kushuka mahali ambapo sasa magari yanapishana Barabara ya Benjamin Mkapa. Zipo picha za angani za zama za ukoloni. Kuna pia kazi ya karibuni ya wapangaji miji wa Zanzibar katika mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambayo mwaka 2019 ilizaa kitabu cha ramani kiitwacho Ng'ambo Atlas. Maalim anakithamini kitabu hicho, ingawa pembeni ya kurasa zake amejaza penseli ya ubishi.

Akishakuwa na picha ya zamani na ramani ya leo, anatafuta vitu vilivyokataa kuhama. Msikiti hauvunjwi kirahisi. Kisima kinafukiwa lakini mdomo wake wa saruji unabaki uani kwa mtu, umegeuzwa kiti cha kufulia. Kaburi lililokuwa kando ya nyumba huachwa hata kama hakuna anayejua la nani. Akipata vitu vitatu vya namna hiyo, anaanza kutembea baada ya alasiri, jua likiwa limepoa, akihesabu hatua kutoka kimoja hadi kingine. Anafuata uelekeo wa kichochoro cha zamani hata kama sasa kinapita katikati ya ngazi za ghorofa, na hapo hupiga hodi kwa wenyewe, akaeleza, akasubiri kukaribishwa. Wengi humkaribisha. Kuna bibi mmoja ghorofa ya chini ambaye huweka chai kila amwonapo na kipimo mkononi.

Anachowakabidhi watu si nukta. Ni mchoro wa mkono wenye mistari ya aina tatu: wino mzito kwa kile kilichoonekana kwenye karatasi au ardhini, wino mwepesi kwa kile kilichosemwa na watu wawili wasio wa ukoo mmoja, na penseli kwa kilichosemwa na mmoja. Sharti la wasio wa ukoo mmoja halegezi hata akilipwa. Ndugu, anasema, wamekwisha sikilizana wakiwa wadogo. Ukiwauliza kumi umemuuliza mmoja. Mara nyingi nyumba yenyewe huwa imechorwa kwa penseli ndani ya mtaa wa wino. Wapo wanaonuna. Wanataka wapigwe picha juu ya kigae fulani cha njia wakisema ni hapa, na yeye anawapa eneo ambalo nusu yake ni maegesho ya magari na nusu ni duka la simu.

Siku hizi kazi yake imegeuka upande. Miaka ya karibuni Kwahani nayo ilivunjwa kwa sehemu ili kujenga maghorofa, na mitaa mingine ya Ng'ambo inazungumzwa. Kwa hiyo Maalim ameanza kwenda mapema, nyumba zingali zimesimama, na wanafunzi wake wawili watatu wa zamani. Wanapima vichochoro kwa kamba, wanaandika nani anapakana na nani, kaburi lipo upande gani wa choo. Vijana walitaka waanze na picha za droni. Amewaruhusu, lakini kila nyumba wanayoingia lazima kwanza wamwulize mwenyeji aliazima masufuria wapi mara ya mwisho, na walijaze jibu katika daftari kabla ya kutoa kipimo mfukoni.