Nyumba Njema si Mlango: Mpambaji wa Nyumba za Kuuza na Jicho la Mgeni

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo hazipatani na kazi tunayotaka kuizungumza katika toleo hili. Ya kwanza ni chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili ni nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mpambaji wa nyumba za kuuza anaishi kwa kuzikana zote mbili. Yeye anaamini kwamba chema hakijiuzi mpaka kipangwe, na kwamba mnunuzi huamua angali mlangoni. Wengi wetu tulioko hapa Uingereza tumekwisha kununua nyumba au tumo mbioni, na siku moja tutauza. Kwa hiyo tumeona si vibaya kuitazama kazi hii kama inavyotazamwa sanaa nyingine yoyote: uzuri wake ni upi, imetoka wapi, na inatutaka tuamini nini.

Wasomaji waliokuwapo hapa miaka ile watakikumbuka kipindi cha televisheni cha House Doctor, kilichoanza kuonyeshwa Channel 5 mwaka 1998. Daktari mwenyewe alikuwa Ann Maurice, mpambaji wa nyumba kutoka California. Mtindo ulikuwa ule ule kila wiki. Kuna nyumba iliyokaa sokoni bila kupata mnunuzi. Watu wa kuitazama huletwa, kamera zimefichwa, nao husema yaliyo moyoni: chumba kinanuka mbwa, zulia limechakaa, bafu limejaa chupa. Wenye nyumba huonyeshwa maneno hayo wasikie kwa masikio yao. Kisha Maurice huingia, hutoa hukumu bila kupepesa macho, na kwa fedha kidogo na rangi nyingi nyumba huvaa sura mpya. Watazamaji huletwa tena, na safari hii husifu.

Tuanze na sifa, kwa kuwa zipo. Magazeti ya mapambo hutuonyesha chumba kilichokwisha kupambwa, kana kwamba kilizaliwa hivyo. House Doctor ilionyesha jasho: makabati yakitolewa vitu, mifuko ya takataka ikijazwa, kuta zikisuguliwa, mtu yuko juu ya ngazi na brashi mkononi. Aidha kipindi kilifundisha jambo lisilohitaji fedha, nalo ni kutazama. Mtu aliyekaa miaka kumi ndani ya nyumba haoni tena mlango usiofunga vizuri, wala hasikii harufu ya jiko lake. Maurice alikuwa na jicho la mgeni, na jicho hilo ndilo lililokuwa mtaji wake. Jambo hili si geni kwetu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nani kati yetu hajafagia uani mbio mbio aliposikia shangazi yuko njiani? Habari ya mgeni ndiyo inayotoa vyombo vizuri kabatini na kubadilisha foronya.

Jicho hilo lina historia, na historia hiyo inaanzia jukwaani. Elsie de Wolfe wa New York, anayehesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kuufanya upambaji wa nyumba kuwa kazi ya kulipwa, alikuwa mwigizaji wa tamthilia kabla ya kuliacha jukwaa mwanzoni mwa karne ya 20. Alisifiwa kwa mavazi yake kuliko kwa uigizaji wake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 yeye na mwenzake Elisabeth Marbury, wakala wa watunzi wa tamthilia, waliigeuza nyumba yao ya Irving Place. Mapambo yaliyorundikana na rangi za giza zilizopendwa zama zile vilitolewa, weupe na nafasi vikaingia. Chumba chao cha kulia kilipigwa picha kabla na baada. Kazi iliyomjengea jina ilikuwa Colony Club, klabu ya wanawake ya New York iliyofunguliwa mwaka 1907, ambamo alithubutu kuingiza ndani ya chumba fito za mbao zinazotumiwa bustanini kutambazia mimea. Msukumo wake mkubwa ulikuwa Ufaransa ya karne ya 18. Mwaka 1913 kikatoka kitabu chake The House in Good Taste, na mwaka 1950 alifariki huko huko Versailles, katika nyumba aliyoipenda.

Mtu akizitazama picha zile mbili za chumba cha kulia ataona kwamba Maurice alipofika Uingereza, mchezo wa kabla na baada ulikuwa umekwisha kutimiza karne nzima. Lakini ipo tofauti moja kubwa. De Wolfe alimpambia mtu atakayeishi mle, kwanza yeye mwenyewe. Aliuliza unakaa wapi ukisoma, taa iko upande gani, unaweza kunyoosha mkono ukapata kikombe chako? Alimvua mwenye nyumba mazoea ya giza na vumbi, lakini hakumtoa mwenye nyumba.

Hatua ya kumtoa ilichukuliwa upande wa pili wa Marekani. Barb Schwarz, dalali wa nyumba katika eneo la Seattle, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa kazi ya kuipanga nyumba kama jukwaa ili iuzwe, na mwaka unaotajwa ni 1972. Katika kitabu chake Home Staging cha mwaka 2006 hoja yake kuu ni kwamba namna unavyoishi katika nyumba na namna unavyoiuza ni mambo mawili mbalimbali. Kupamba ni kuitia nyumba nafsi yako. Kuiandaa kwa kuuza ni kuitoa nafsi hiyo. Hoja hii ina akili, na zaidi ya hayo ina uaminifu. Schwarz hamdanganyi msomaji kuwa atapata nyumba nzuri zaidi ya kuishi. Anamwambia kwamba kinachouzwa si maskani tena, ni bidhaa.

Na kazi yenyewe ikoje? Mtu akisikia neno mpambaji hufikiria vitambaa na maua, lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni kubeba. Mpambaji huingia na daftari, husimama pale atakaposimama mnunuzi, hutazama jicho linaanguka wapi kwanza: kwenye dirisha au kwenye mgongo wa kochi? Hutoa viti viwili ili chumba kipumue. Hubadilisha balbu. Hufungua madirisha. Anayeshughulikia nyumba tupu huhitaji bohari ya makochi, mazulia, taa na picha zisizo na sura ya mtu yeyote. Hukodi gari, hupanga, hupigwa picha chumba, kisha nyumba ikishauzwa hurudi kuvibeba vyote.

Hapo ndipo tunapoona ugumu wa sanaa hii na pia heshima yake, kwani kazi ikifanikiwa huvunjwa. Fundi cherehani huiona nguo yake ikivaliwa harusini, seremala hupita mbele ya mlango aliouchonga, lakini mpambaji wa nyumba za kuuza hana pa kupita. Wa karibu naye ni yule mpambaji wa kumbi za harusi tunayemjua sote, ambaye naye hukunja vitambaa vyake usiku ule ule. Ila wa harusi huacha picha zenye bwana na bibi harusi katikati, hali mwenzake huacha picha za chumba kisicho na mtu. Siku hizi hata kubeba kunapungua, maana programu za kompyuta huweza kuweka kochi na zulia ndani ya picha ya chumba kitupu, na mnunuzi huingia kwanza kupitia simu kabla ya kuingia kwa miguu.

Sasa tuje kwenye kasoro. Kasoro ya kwanza ni ya kipindi, si ya kazi: fedheha. Kamera ya siri ilileta kicheko, na kicheko hicho kiliangukia zaidi kwa mtu aliyekuwa na haja ya kuuza na asiyekuwa na fedha za kutengeneza. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. House Doctor ilichanganya kinachouzika na kilicho kizuri. Maurice alipoagiza ukuta wa rangi kali upakwe rangi hafifu, sababu ilikuwa ya kibiashara, kwamba rangi isiyosema neno haimfukuzi mtu. Lakini kwa namna ilivyosemwa, mwenye ukuta ule alibaki ameonekana hana ladha. Ndivyo rangi za maziwa na mchanga, pamoja na ile magnolia anayoijua kila mpangaji wa Uingereza, zilivyopandishwa cheo kutoka rangi za tahadhari hadi rangi za ustaarabu. Schwarz angalau aliutenga uuzaji na uishi. Kipindi kiliviunganisha, na watazamaji ambao hawakuwa na nyumba ya kuuza wakaanza kupaka kuta zao kana kwamba mnunuzi yuko barazani.

Tulinganishe na kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, ukuta wa nje hauna maneno mengi. Mgeni hupokewa dakani, penye baraza za kukalia. Kadiri unavyoruhusiwa kuingia, kutoka msana hadi msana mpaka ndani, ndivyo mapambo yanavyozidi. Na huko ndani, mbali kabisa na njia, ndiko zinakong'aa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vilivyochongwa, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure kutoka ng'ambo. Uzuri ulikuwa malipo ya ukaribu. Aliyeuona alikuwa ameaminiwa.

Atakayetupinga atatuonyesha milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyochongwa ikaelekezwa njiani ili kila apitaye aione. Ni kweli, na hatutaki kujifanya kwamba watu wetu hawakujua kujionyesha. Lakini mlango ule, kwa nakshi zake na maandishi ya Qurani juu ya kizingiti, ulimwambia mpita njia nani anakaa humo, ana mali gani na anamwamini nani. Nyumba iliyopangwa kwa kuuzwa humwambia mnunuzi kwamba humo hakai mtu.

Hapa ndipo shauri hili linapotugusa, ndugu wasomaji. Fikirieni sebule ya familia ya Waswahili mjini Reading, Leicester au mashariki ya London. Ukutani pana Ayatul Kursi ndani ya fremu, au picha ya Yesu na kalenda ya kanisa. Pana picha ya bibi aliyevaa buibui, kinyago cha Kimakonde, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, chetezo pembeni, na harufu ya pilau ya jana iliyochanganyika na udi. Dalali atasema, kwa adabu kabisa, kwamba vyote hivyo viondolewe. Je, ni ushauri mbaya? Kwa upande wa mauzo, mara nyingi ni ushauri mzuri. Mnunuzi anataka kujiona yeye ndani ya chumba, na sura ya bibi yetu inamzuia. Hata familia ya Kiingereza huambiwa itoe picha za watoto wake.

Lakini mizani si sawa. Familia ya Kiingereza ikitoa picha zake, nje ya dirisha bado kuna mtaa unaofanana nayo. Sisi tukitoa zetu, hakuna kinachobaki kutusema. Pia kuna tofauti kati ya kuambiwa mnunuzi aachiwe nafasi ya kujiona, na kuambiwa wewe usionekane. Na wakati mwingine sababu ya pili hujificha nyuma ya ile ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa anayemtazama mama yake akiiteremsha picha ya bibi kwa sababu wageni wanakuja, haelezwi tofauti hiyo na mtu yeyote. Nyumbani, mgeni akija, picha ya bibi hufutwa vumbi. Hapa huwekwa chini ya kitanda. Mtoto hujifunza kutokana na alichokiona.

Hatusemi basi kwamba watu wakatae kupanga nyumba zao. Mkopo wa benki haulipwi kwa methali, na pauni zinazopatikana kwa usafi na rangi mpya ni halali ya mwenye nyumba. Tunachosema ni kwamba House Doctor itazamwe kama somo la kuuza, na anayetaka somo la kuishi amrudie de Wolfe, au arudi Lamu. Na siku ya kuuza ikifika, msingoje dalali awaambie. Viteremsheni wenyewe, mbele ya watoto, na waambieni kwa nini: tunauza matofali, haya si ya kuuzwa. Vifungeni kwa kanga, andikeni juu ya boksi, na huko mnakohamia boksi hilo lifunguliwe kabla ya sufuria.