Wanaojua Kuzima Taa

Uliza bei ya dagaa katika soko la Tabora na mchuuzi atakujibu kwa swali: wa Mwanza au wa Kigoma? Wa Kigoma ni ghali zaidi, na hakuna anayeona haya kwa hilo. Hutujia kwa njia ya zamani, ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa Unyanyembe hadi Ujiji. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na kugusa Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871. Vitabu vimejaa habari za pembe za ndovu, watumwa na Wazungu wenye homa. Wavuvi wa ziwa lile hupata mistari michache tu, nami nina deni nao la miaka mingi ya ugali.

Zamani waliwasha kuni mbele ya mtumbwi, dagaa wakaufuata moto, wakatekwa kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai, na leo taa za betri. Chombo cha siku hizi, kipe, ni mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu mpana unashushwa katikati yake.

Kuwasha taa hakuhitaji ufundi. Usiku vijidudu vya majini hupanda juu, dagaa huvifuata, na mwanga huwakusanya. Ufundi uko katika kuzima. Nahodha huinama akachungulia maji: wakizunguka kwa mbali, anangoja, wakianza kumetameta kwa wingi chini ya chombo, anaamuru taa za pembeni zizimwe moja moja, ili kundi lisogee ndani, juu ya wavu. Akiharakisha, wanatawanyika. Akichelewa, migebuka wanaowafuata kuwala wanalivuruga kundi lote. Kisha wavu unapandishwa, pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, dagaa wanamiminika kurudi ziwani, katika kina kinachopita mita 1,400 mahali pengine. Matusi yanayofuata siyaandiki.

Asubuhi kazi inahamia mwaloni, na hapo sifa zigawanywe upya. Waanikaji, wengi wao wanawake, huwatandaza dagaa na kuwageuza wakiliangalia jua na mawingu kwa zamu. Aliyeanika juu ya chanja namlipa bila kubishana. Dagaa wa mchangani hata ukiwakaanga kwa mawese na ndimu, meno yatakwambia walikolala.

Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti kitu, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mwaka 2024 serikali iliongeza pumziko jingine: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kipato ni mingi kwa nyumba inayokula kwa siku, na waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo pumziko hilo naliunga mkono. Kuhusu wale wanaoburuta kokoro la macho madogo ufukweni na kusomba makinda, hao sina sifa ya kuwapa.