Fao na Adhabu Isiyotolewa katika Kidagaa Kimemwozea

Wahakiki wengi wa Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya marehemu Ken Walibora, humtaja Fao kama mfano wa ufisadi katika elimu, kisha wakampita. Huyu ni mtoto wa tajiri aliyefanyiwa mtihani, akaingia ualimu na kumpachika mimba mwanafunzi wake. Makosa haya yamefungamana: la kwanza halikuadhibiwa, likazaa la pili. Mlinganishe na Amani, anayesingiziwa kosa akiwa chuoni na kutiwa gerezani. Riwayani, adhabu hufuata unyonge wa mtu wala si uzito wa kosa.

Nikifundisha katika shule moja ya kibinafsi, wavulana wawili walinaswa wakiibia mtihani pamoja. Aliyesomeshwa kwa basari alifukuzwa. Mwenzake, ambaye babaye alichangia ununuzi wa basi la shule, alirejea baada ya wiki mbili. Nilikuwa katika kamati ya nidhamu, nami nilinyamaza.

Kwa hivyo, tunapomfundisha Fao, tusiwaulize wanafunzi alitenda nini pekee. Tuwaulize pia ni nani waliojua wakanyamaza. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkunjaji mmojawapo ni mwalimu.