Supachaja ya Umeme ya Kujiundia

Supachaja ya umeme ni kompresa inayozungushwa na mota, iliyofungwa kwenye njia ya hewa ya injini ili silinda zipate hewa nyingi kuliko zinavyoweza kuvuta zenyewe. Kuiunda katika gereji ndogo, kwa vifaa vya chakavu, ni ufundi unaostahili heshima kubwa, kwa kuwa haumpi fundi nafasi ya kukisia. Hewa, wati, joto na petroli, vyote hupigiwa hesabu kabla spana haijashikwa.

Mfano mzuri ni 1NZ-FE ya Toyota, injini ya lita 1.5 inayofahamika kwa mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi kwa sababu imo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi. Injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili, hivyo ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, silinda zake zina nafasi ya lita 4,500 kila dakika. Hazijai zote, maana hewa hupoteza presha ikipita kwenye chujio, throto na valvu. Kinachoingia kweli ni kama lita 3,800, yaani gramu 75 hivi kila sekunde. Petroli ni rahisi kuiongeza. Nozeli ikikaa wazi zaidi, imetosha. Hewa ndiyo inayoweka mpaka wa nguvu.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Mwaka 1902 Louis Renault wa Ufaransa alipata hataza ya kipulizia hewa cha injini, na mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi akapata ya kwake, ya kutumia moshi wa ekzosi. Kipulizia cha mkanda hula nguvu ya injini kinapofanya kazi, na tabo, ile ya moshi wa ekzosi, husubiri moshi uwe mwingi. Mota haisubiri moshi wala haivuti mkanda. Shida yake ni njaa ya umeme. Mwaka 2016 Audi ilitoa SQ7 ya dizeli ambayo, pamoja na tabo mbili, ina kompresa ya umeme ya volti 48 na kilowati 7, inayofika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde.

Njaa hiyo inapimika. Kuipandisha presha ya hewa ya 1NZ-FE kwa bar 0.35 katika mwendo wa juu kunahitaji kilowati 4 hivi kwenye shafti ya kompresa, na karibu 5 kutoka kwenye betri. Kwa volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 400, wakati oltaneta ya gari dogo hutoa 80 hivi. Ndiyo maana feni ndogo za plastiki zinazouzwa kwa jina la tabo ya umeme haziongezi nguvu yoyote: feni ya wati mia moja hugeuka kizuizi mara injini inapoanza kuvuta kwa nguvu. Fundi makini hupanda hadi volti 48, ampea zikashuka hadi 100 hivi na waya zikawa za unene unaofungika.

Na hapo hesabu huleta habari njema. Kilowati 5 kwa sekunde 10 ni saa-wati 14 tu. Betri ya simu ya kawaida ina akiba kubwa kuliko hiyo, ila haiwezi kuitoa kwa kasi inayotakiwa. Betri za lithiamu za ndege za kuchezea zinaweza, na oltaneta ikitenga wati 300 kupitia kigeuza volti, akiba hurudi kwa dakika tatu hivi. Kupandisha mlima wa Kitonga na mzigo si kazi ya chombo hiki. Kazi yake ni zile sekunde chache za kulipita lori.

Kompresa yenyewe hutoka kwenye tabo iliyokufa upande wa ekzosi. Impela, yaani gurudumu lake linalosukuma hewa, ikiwa ya milimita 60 huhitaji mizunguko 75,000 hivi kwa dakika ili itoe ile presha ya bar 0.35. Ya milimita 100 huhitaji kama 45,000, na mota isiyo na brashi huifikia kwa urahisi zaidi. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Kabla ya kufungua nati hutia alama kwenye nati, impela na shafti, kwa sababu vilisawazishwa pamoja kiwandani. Shafti mpya hukerezwa, kisha impela hurudishwa na kusawazishwa upya, na penye uzito hukwanguliwa chembe ya alumini kidogo kidogo. Uzito ambao kidole hakiuhisi hutosha kuua beringi katika kasi hiyo. Jaribio la kwanza hufanyika nyuma ya bamba nene la chuma, watu wote wakiwa mbali.

Kwenye bomba, kompresa hukaa baada ya sensa ya hewa na kabla ya throto, ili kontroboksi ione kila gramu inayopita. Pembeni yake huwekwa njia ya mchepuko yenye kilango. Mota ikizimwa, injini huvuta kupitia hapo. Mota ikiwaka, presha hukifunga kilango, hewa isirudi ilikotoka. Baada ya kompresa hufuata intakula ya kupoza hewa, na anayeiruka hujinyima. Mgandamizo huipasha hewa kwa nyuzi 40 hivi, na hewa ya moto ni nyepesi: asilimia 35 ya presha huzaa asilimia 19 tu ya uzito. Ikipozwa vizuri hufika 27.

Uzito huo hudai petroli yake. 1NZ-FE imebanwa kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, uwiano mkubwa kwa injini inayopuliziwa, hivyo mchanganyiko mwembamba huifanya igonge na pistoni kuyeyuka. Sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi ni ya lazima: kanyagio likiwa chini, isome karibu sehemu 12 za hewa kwa moja ya petroli. Ikianza kupanda kuelekea 14, mota izimwe papo hapo na nozeli kubwa zaidi zitafutwe. Muda wa cheche nao hurudishwa nyuma kidogo.

Mwisho ni kipimo. Gari hukimbizwa kwenye njia ileile iliyofungwa kwa magari mengine, gia ya tatu, kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, mota ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, kwenda na kurudi ili upepo na mteremko visipendelee upande wowote. Plagi hufunguliwa na kaure yake kukaguliwa: kahawia hafifu ni salama, nyeupe yenye vidoa ni ishara ya joto kupita kiasi, na presha hupunguzwa kabla gari halijarudi barabarani.