Uhai au Maisha? Sayari Nyingine katika Walenisi ya Katama Mkangi

Makala haya yanahakiki riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), kwa kuuliza swali moja: je, safari yake ya angani inahusu uhai katika sayari nyingine, au maisha? Swali hili lina uzito hapa Gasenyi, Bujumbura, ambako mwanafunzi wa sekondari hujifunza sayansi kwa Kifaransa, lugha inayozibeba dhana zote mbili kwa neno moja, vie. Kiswahili humlazimu achague. Uhai ni hali ya kuwa hai, waliyo nayo hata bakteria. Maisha ni namna ya kuishi, yenye desturi, sheria na ujirani.

Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ili kiwe kaburi lake. Anajifunza kukiongoza, na anatua Walenisi, penye jamii ya haki na usawa. Jina hilo lenyewe ni sentensi: wale ni sisi. Kiashiria cha mbali kinawatenga wenyeji nasi. Kitenzi kishirikishi kinaufuta utengano huo papo hapo. Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980, alihitaji mahali pa mbali pa kuitazamia nchi yake. Alipapata, na ukali wa hoja yake juu ya dhuluma unatokana na umbali huo.

Hata hivyo, mafanikio hayo yana gharama. Walenisi ni kioo: sayari ambayo wale tayari ni sisi haina nafasi ya kiumbe asiye sisi. Riwaya inachunguza maisha kwa kina. Uhai inauchukulia kuwa umekwisha kujulikana.

Mwaka huohuo wa 1995, Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza ugunduzi wa sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota inayofanana na Jua. Leo sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zimepita 5,000, na hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na uhai. Wanasayansi hutafuta gesi fulani katika angahewa na mazingira yanayoruhusu maji ya kimiminika. Anayetafsiri utafiti huo kuwa “maisha katika sayari nyingine” humjengea msomaji miji na watu, ilhali hoja yenyewe huenda ni vijidudu.

Tunapendekeza waandaaji wa vitabu vya sayansi vya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki watumie uhai kila panapozungumziwa baiolojia, na maisha panapozungumziwa jamii. Aidha, Walenisi isomeshwe sambamba na somo la anga, ili mwanafunzi aone mpaka ulio kati ya swali la Mkangi, tuishi vipi, na swali ambalo fasihi yetu bado haijaliuliza vya kutosha: vipi ikiwa wale si sisi?