Muyembe hakushikilia tifoide

Wenzangu, kila mtu anayemsifu Profesa Muyembe anasema: aligundua Ebola. Sawa, lakini sifa hiyo inaruka jambo. Mwaka 1976 alifika Yambuku akiwaza tifoide, naye ana doktora ya Leuven. Akatoa wagonjwa damu. Sindano ikichomolewa, damu haikatiki. Akaanza kutilia shaka wazo lake mwenyewe, akarudi Kinshasa na mtawa mgonjwa, damu yake ikapelekwa Antwerp. Hapo ndipo ninampendea. Kuna maagronome, muhogo wa mama ukioza wanabishana na shamba, juu kozi ilisema vingine! Na Agosti 2019, Ebola ikiwa bado huku Ituri, mzee huyohuyo alitangaza haitaitwa tena ugonjwa usiotibika: majaribio ya dawa yalionyesha hivyo.