Pikapu Ichomoke

Fundi hashiki spana kwanza. Anasimama nyuma ya Hilux ya injini ya 3L, ndani ya gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam, anamwambia dereva akanyage mafuta mara tatu, kisha anautazama moshi. Mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungulia. Wa buluu ni oili. Huu ni mweusi. Mwenye gari, mfanyabiashara wa ndizi, ana ombi moja: skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu ikazwe kidogo ili pikapu ichomoke. "Hiyo tuiache, bosi," fundi anamjibu. "Tutafute kwanza nguvu yako ilikopotelea."

Anaanza na pedeli. Dereva anaikanyaga mpaka chini, na fundi anainamia pampu: mkono wa pampu haujafika kwenye bolti ya kikomo. Kebo imelegea. Anazungusha nati mpaka mkono uguse bolti, wala usiivute.

Kisha hewa. Dizeli haina cheche. Hewa hugandamizwa kiasi cha mara 22 mpaka joto lake liwashe mafuta, kwa hiyo hewa pungufu ni nguvu pungufu. Chujio analiinua juani na mwanga haupenyi. Anaweka jipya, anapangusa kasha lake kwa kitambaa chenye unyevu, kisha anaukunja mpira wa hewa inchi kwa inchi akitafuta ufa. Filta ya dizeli nayo anaifungua koki ya chini juu ya chupa ya kioo. Maji yanatua chini, mafuta yanaelea juu yake. Anafunga filta mpya na kupampu kwa kiganja mpaka pampu ya mkono iwe ngumu.

Nozeli ndizo zilizonikalisha pale nikitazama kwa muda mrefu. Kabla ya kuzifungua anaosha kichwa cha injini, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba inatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Anazipanga 1 mpaka 4 kwenye trei, na midomo ya mabomba anaiziba. Moja baada ya nyingine anaifunga kwenye mashine ya kupimia, anavuta mkono wa mashine polepole, macho kwenye geji. "Weka mkono wako mbali, mwanangu," ananiambia. " Mafuta haya yanatoboa ngozi." Nozeli nzima hufunguka kwenye bari 150 hivi, ikapuliza ukungu mwembamba kwa mlio mkali, kisha ikakauka mdomo. Ya tatu inafunguka kabla ya 120 na kuacha tone. Anaifungua, anaiosha kwa dizeli safi, anaivuta sindano yake nje theluthi moja, anaiachia. Inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe. Inakwama njiani. Anaiosha tena, anaigeuza, anaijaribu tena mara nne, inakwama. Ndipo anaposema inunuliwe nyingine. Mpya nayo haiamini: anaipima, anaifungua, anaongeza shimu iliyo nene kidogo juu ya springi, anaipima upya.

Taiming ya pampu anaipima kwa geji ya saa iliyofungwa katikati ya kichwa cha pampu. Anazungusha injini kwa spana taratibu mpaka alama ya puli ifike, anasoma sehemu za milimita, anasogeza pampu unywele mmoja, anarudia tangu mwanzo. Mara tatu nilidhani amemaliza. Valvu anazipima injini ikiwa baridi: za kuingizia hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea moshi 0.40 hadi 0.50. Zote zimo.

Jioni tunapanda mlima wa Pugu tukiwa na shehena ya ndizi. Fundi anaendesha kwa sikio, anabadili gia kabla injini haijaanza kulia bure, maana 3L huvuta vizuri zaidi kwenye mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Pikapu inapanda kwa gia ya tatu, pale mwenye gari alipozoea kushusha mpaka ya pili. Kwenye kioo cha nyuma barabara inaonekana wazi, bila wingu jeusi. Skrubu ya mafuta haikuguswa.